Harufu ina saa yake na upepo wake: maua ya kunukia uani mwishoni mwa kaskazi

Hotuba kwa wenye bustani za nyumbani, Unguja

Sheha wetu, wazee wetu, mama zangu, na ndugu zangu nyote mliohudhuria, asalamu alaikum.

Nimeombwa nizungumze juu ya maua ya kunukia, namna ya kuyachagua na mahali pa kuyapanda, na nimefurahi kwamba ombi hilo limekuja wakati huu wala halikungoja masika. Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote katika mwambao wetu. Kaskazi inaelekea ukingoni, ardhi imekauka, visima vimeshuka, na bustani ambayo mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikinyesha, ilionekana imeshiba, sasa inajieleza yenyewe bila kificho. Mmea unaonukia jioni ya leo, baada ya wiki kadhaa za jua na maji ya kubahatisha, ndio unaostahili kupewa nafasi ya kudumu karibu na nyumba. Wengi wetu husubiri mvua ianze ndipo tukimbilie kitaluni, tukanunua chochote kilichochanua siku hiyo, tukakipanda palipo wazi. Mimi nawasihi tupange bustani sasa, wakati wa ukavu, na tuipande mvua zitakapolowesha ardhi.

Ninalotaka kulisema leo ni kwamba ua la kunukia lisichaguliwe kwa uzuri wake, wala kwa ukali wa harufu yake, bali kwa mahali tunapokaa, saa tunayokaa hapo, na upepo unaovuma saa hiyo. Anayeanza na ua atapata ua. Anayeanza na baraza yake, au dirisha la chumba chake, au kiti anachonywea chai asubuhi, atapata harufu, na harufu ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Nianze na upepo, kwa kuwa hilo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Sisi watu wa pwani tunajua pepo zetu tangu utotoni. Kaskazi hutuvumia kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu kuanzia Aprili, ikitoka kusini na kusini-mashariki, hadi karibu na vuli. Majahazi yalisafiri kwa kalenda hiyo kwa karne nyingi, lakini bustani zetu hatuzipandi kwa kuifuata. Tazameni jambo lenye faida hapo: pepo zote mbili zina sehemu ya mashariki ndani yake. Mwenye nafasi ya kupanda mti mmoja tu wa kunukia, na asiyejua auweke wapi, auweke upande wa mashariki wa mahali anapokaa, na kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo utamletea alichopanda. Akiuweka magharibi, atakuwa amempandia jirani.

Hata hivyo, ndani ya mji upepo haufuati dira. Ukuta wa ghorofa mbili huugeuza, kichochoro huubana na kuutia kasi, na uani penye kuta pande zote nne upepo huzunguka ukarudi ulikotoka. Kwa hiyo ninapendekeza jaribio ambalo halimgharimu mtu chochote zaidi ya punje chache za ubani. Jioni, baada ya magharibi, washa mkaa kidogo kwenye chetezo, tia ubani, ukiweke pale pale unapokusudia kupanda, kisha uende ukakae mahali pako pa kila siku. Angalia moshi unaelekea wapi, na usikilize pua yako: je, harufu inakufikia, inapita juu ya kichwa, au inapotelea barabarani? Hamisha chetezo hatua tano, urudie. Jioni mbili tatu za namna hiyo zitakufundisha juu ya nyumba yako mambo ambayo hakuna muuza miche anayeweza kukuambia. Ubani unatosha, udi haupaswi kupotezwa kwa kazi hii.

Kuna jambo la pili juu ya pua zetu wenyewe. Pua huchoka. Mtu akikaa chini ya mti unaonukia, baada ya dakika chache haisikii tena harufu ile, ingawa mgeni anayebisha hodi huisikia tangu mlangoni. Ndiyo maana mmea uliogusana na kiti hutufaa kidogo kuliko mmea ulio umbali wa hatua sita au nane, ambao harufu yake huja na upepo, ikakatika, ikaja tena, na kila inaporudi pua huipokea upya. Nimeona nyua ambamo asumini tatu zimezungushwa baraza moja, na wenyewe wanalalamika kwamba zimeacha kunukia. Hazikuacha. Ziondolewe mbili, ziende kwingine, na ile moja isogezwe.

Sasa nije kwenye maua yenyewe, na asumini itangulie. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Jasminum sambac, asili yake ni Asia ya Kusini, na Wafilipino wamelifanya ua lake kuwa ua lao la taifa tangu mwaka 1934. Kwetu hauhitaji cheo hicho, maana hakuna harusi ya pwani inayoonekana imekamilika pasipo kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Lakini asumini huvunja moyo watu wengi kwa sababu moja: wanaipanda kivulini. Ikikosa jua la nusu siku hurefusha matawi, hutoa majani ya kijani kizuri, na matumba hayaonekani. Ipewe ukuta unaopata jua la asubuhi hadi mchana, ifungwe kwa kamba kwenye vijiti au waya, na ipogolewe bila huruma, kwa sababu maua yake huchipuka kwenye ncha za matawi mapya. Asumini isiyokatwa kwa miaka mitatu ni kichaka cha miti mikavu yenye maua machache juu kabisa, mahali ambapo mkono haufiki.

Naomba leo jioni, mnamo saa kumi na moja, kila mwenye asumini alishike tawi moja changa na alitazame kwa karibu. Kwenye ncha atakuta matumba matatu, pengine zaidi, yamesimama pamoja. La katikati ni kubwa kuliko wenzake, na ndilo litakalofunguka kwanza. Tumba la usiku wa leo ni jeupe tupu, limenenepa, na petali zake zimejisokota kichwani. La kesho bado limebakiza ukijani na ukilibonyeza kidogo ni gumu. Chuma lile jeupe kabla jua halijatua, uliweke kwenye kisahani ndani ya nyumba, na baada ya isha litafunguka lenyewe. Si maua mengi yanayoweza hivyo. Asumini huendelea kutengeneza harufu hata baada ya kutengwa na mti wake, na ndiyo sababu bibi zetu waliweza kuitunga alasiri ikavaliwa usiku. Kesho yake petali zitaanza kugeuka rangi ya zambarau hafifu, na hapo kazi yake imekwisha. Nasisitiza tu kwamba yasichumwe yote. Anayechuma kila tumba kwa ajili ya chumbani asishangae baraza yake ikiwa kimya. Aache theluthi moja mtini.

Asumini ni ya usiku, na si yenyewe tu. Maua mengi meupe yanayonukia gizani hufanya hivyo kwa ajili ya nondo, ambao huyatafuta kwa harufu na kwa weupe wake wakati rangi nyingine zimezimika. Tukilifahamu hilo tutaacha kulaumu mimea kwa kutonukia saa saba za mchana, na tutaacha pia kuiweka mahali tunapopita mchana tu. Mwenye kazi ya kutwa mjini, anayerudi jua linakaribia kuzama, bustani yake iwe ya maua meupe ya usiku. Mama anayeshinda nyumbani na kupumzika asubuhi baada ya kufagia ana haja ya maua mengine, nami nitayafikia.

Baada ya asumini nataka kuutetea mti ambao tunaupoteza, nao ni mkilua. Huu ni mti wetu hasa, mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew nchini Uingereza, aliusajili kitaalamu kwa jina la Mkilua fragrans, akilichukua jina lile lile wanalotumia watu wa mwambao. Kilua hakivutii macho. Ni ua dogo, si jeupe wala si jekundu la kuita watu, na mtu asiyelijua anaweza kulipita mara mia. Lakini wanaolijua hulifunga kwenye nywele au hulitia katikati ya nguo zilizokunjwa, na harufu yake ikishakaa hapo haina haraka ya kuondoka. Kwa sababu mkilua umezoea kuishi chini ya miti mikubwa, unafaa mahali ambapo asumini hushindwa: uani penye kivuli cha ghorofa, nyuma ya jiko, chini ya mwembe. Wenye nyua finyu za Mji Mkongwe, ambazo jua huziona kwa saa mbili tu, wasikate tamaa. Mmea wao upo. Ombi langu ni kwamba tusiende kung'oa miche msituni, kwa kuwa misitu hiyo imebaki vipande vipande. Tuipate kwa mbegu na kwa wenzetu walionayo majumbani.

Mlangilangi ni habari nyingine. Ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, unakua upesi, na ukiachiwa hufika mita 15 na zaidi. Ndugu zetu wa Komoro, ambao ndio wazalishaji wakuu wa mafuta ya langilangi duniani, hawauachi ufike huko. Huukata kichwa ukiwa na urefu wa mita mbili hivi na kuyainamisha matawi, ili wachumaji wayafikie maua kwa mkono wakiwa wamesimama chini. Nasi tufanye hivyo hivyo nyumbani. Langilangi likiwa changa ni la kijani na halina la kusema. Likikomaa hugeuka njano, petali zake ndefu hulegea, na kwenye shina la kila petali, kule ndani, hutokea doa jekundu lililoiva. Doa hilo ndilo la kuangaliwa. Ua la namna hiyo likichumwa alfajiri kabla jua halijalichoma hutosha kunukisha chumba kizima. Kwa upande wa mahali, mlangilangi uwe mbali na nyumba, kwenye kona ya upande upepo unakotoka, na usiegemee paa la bati hata siku moja, kwa maana matawi yake ni mepesi kuvunjika na pepo za kusi hazina subira nayo.

Sasa nisemee kipindi hiki chenyewe, ambapo maji ni haba. Mmea ninaoupendekeza kwa kila uwanja wenye jua na udongo mbaya ni mfranjipani. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, na umeletwa na sifa moja inayoufaa mwisho wa kaskazi: matawi yake manene huhifadhi maji. Hupukutisha majani wakati wa ukame, ukabaki kama mti uliokufa, kisha kwenye ncha zilizo uchi huchomoza mashada ya maua meupe yenye kitovu cha njano, au ya waridi. Harufu yake huzidi usiku. Nondo huvutwa nayo, wakaingiza ndimi zao ndefu ndani ya ua wakitafuta asali, na asali hawaikuti, kwa kuwa mti huu hautengenezi hata tone. Huchukua huduma ya uchavushaji bila kuilipa. Kuuotesha ni rahisi mno. Kata tawi la urefu wa mkono, liache kivulini juma moja au zaidi hadi jeraha likauke, kisha lipande kwenye udongo mkavu wa kichanga na usilimwagilie sana mpaka majani yatokee. Anayelipanda siku ile ile ya kulikata mara nyingi hulikuta limeoza. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na hudhuru macho, kwa hiyo watoto wasiachwe wauchezee.

Mhina nao usisahauliwe. Tumezoea kuutazama majani tu, lakini maua yake madogo ya rangi ya maziwa yana harufu nzito, na mti wenyewe huvumilia jua na ukavu kuliko karibu kila nilichokitaja. Ukipandwa mstari mmoja kwenye mpaka wa kiwanja hufanya ua wa kuzuia mbuzi na vumbi, na harufu yake, ambayo kwa karibu huwakera baadhi ya watu, ikitoka mbali hupendeza. Mkadi nautaja kwa kifupi: ni wa mwenye kiwanja kikubwa cha mchanga karibu na bahari, una miiba kwenye majani, na ni mti dume tu ndio wenye kadi, yaani ua lake, inayonukia.

Niliahidi kuwafikia wanaokaa nje asubuhi. Waridi ni lao. Harufu ya waridi huwa kamili asubuhi, jua lilipolipasha joto kidogo na kabla halijaikausha, kwa hiyo mahali pake ni karibu na mlango wa jikoni au pale mnaponywea chai, upande wa mashariki, likipata jua hadi saa nne au saa tano kisha kivuli. Lakini lazima niseme kweli kwamba waridi na joto la pwani hawapatani vizuri. Unyevunyevu wetu huleta ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani, na anayetaka waridi lazima awe tayari kuyaokota majani yaliyoanguka na kuyateketeza. Mawaridi ya marashi yanayosifika huko Omani hulimwa Jabal al-Akhdar, mlimani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku kuna baridi tusiyoijua sisi. Na yale mawaridi marefu ya mashamba ya Naivasha, yanayouzwa mafungu mafungu, yamechaguliwa kwa kudumu safarini na kwenye chombo cha maji. Mengi yake hayanukii, na kijiti chake ukikiotesha hakitabadili tabia. Chungu kimoja cha waridi la kienyeji lenye harufu, likitunzwa, kinatosha nyumba moja.

Kilicho rahisi kwa asubuhi, na kwa kila saa, ni mrehani. Harufu yake imo majanini na haisubiri upepo wala nondo, husubiri kuguswa. Kwa sababu hiyo mrehani haufai kuwekwa kwenye kona. Upandwe kandokando ya njia nyembamba ya kwenda kisimani au chooni, mahali ambapo kanga na kanzu zitaupangusa zikipita, au kwenye makopo juu ya kizingiti cha dirisha ambapo mkono hauna budi kuugusa ukifungua. Mwezi huu mrehani mwingi umeshatoa mbegu na mashina yamekuwa kama kuni. Kusanya mbegu, ukate mashina hadi nusu, na umwage mbegu nyingine kwenye kivuli chepesi, kwa maana mmea huu hauna umri mrefu na mwenye hekima huwa na kizazi cha pili njiani.

Nina maonyo mawili ambayo sitaki yapotee katikati ya sifa. La kwanza ni juu ya ule mti unaoitwa malkia wa usiku, Cestrum nocturnum, ambao watu huuomba sana wakishausikia kwa jirani. Harufu yake usiku ni kali kiasi cha kuumiza vichwa vya baadhi ya watu, sehemu zake ni sumu, vitunda vyake vyeupe vinaweza kumvutia mtoto, na ndege huzisambaza mbegu zake hadi mahali ambapo haukupandwa. Nyumba yenye watoto wadogo isiwe nao. Nyumba nyingine, ikiwa lazima, iuweke mbali kabisa na madirisha ya vyumba vya kulala, ya kwao na ya jirani. Vivyo hivyo oleanda, ambayo maua yake ya waridi yananukia kidogo na kupendeza sana, lakini kila sehemu yake, jani, kijiti na ua, ina sumu inayoweza kuua. Onyo la pili linahusu watu, si mimea. Kabla ya kupanda chochote chenye harufu nzito karibu na dirisha, muulize anayelala chumba hicho. Mwenye pumu anaweza kusumbuliwa na harufu ambayo wengine wanaiona neema, na mgonjwa au mama mjamzito anaweza kutoivumilia kabisa. Haki ya mtu kuvuta pumzi bila taabu inatangulia upendo wetu wa maua.

Juu ya maji na udongo nitasema yale tu yanayohusu hali yetu. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki, hasa mashariki na kusini, ina udongo mchache juu ya mawe ya matumbawe, na udongo huo umejaa chokaa. Asumini na mfranjipani huvumilia. Gadenia, kichaka chenye maua meupe ya kunukia, haivumilii, majani yake hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, na samadi pekee haitaiponya. Anayeipenda aipande kwenye chungu chenye udongo mwekundu na mboji, mbali na ukuta uliopakwa chokaa. Pia visima vingi wakati huu vinatoa maji yenye chumvi. Maji hayo yakimwagwa kidogo kidogo kila siku huacha chumvi juu ya udongo na ncha za majani huungua. Ni bora kumwaga mengi kwa mara moja, kila baada ya siku tatu, ili yazame hadi mizizini na chumvi isukumwe chini, na kwa miche iliyo kwenye vyungu yatafutwe maji matamu. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Wenye viyoyozi wanayo ndoo inayojaa bure kila usiku kwa maji yanayodondoka, yasiyo na chumvi hata kidogo, na ni ajabu kwamba karibu kila nyumba inayaacha yatiririke ukutani. Vyungu visikae moja kwa moja juu ya saruji inayopigwa na jua. Viinuliwe juu ya mawe matatu na vikusanywe pamoja vitiliane kivuli.

Wenye ghorofa wasio na ardhi kabisa nimewaweka moyoni wakati wote huu. Debe moja lenye matundu chini, asumini moja, na roshani inayoelekea mashariki ni bustani kamili. Debe liwekwe kwenye ncha ya roshani upande wa upepo, na kiti kiwekwe ncha ya pili.

Sasa kuhusu kazi ya majuma haya, kabla mvua hazijaanza. Fanyeni jaribio la chetezo jioni, mtie alama mahali mlipopachagua kwa kijiti. Chimbeni mashimo sasa, ingawa ardhi ni ngumu, upana wa sentimita 60 na kina kinachokaribia hapo, na kwenye mawe mtumie mtaimbo kuvunja hadi maji yaweze kushuka. Chini ya shimo pangeni makumbi ya nazi, upande wa ndani ukitazama juu, yatakayoshika maji kama vikombe, kisha mjaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huchoma mizizi. Acheni shimo lishuke lenyewe. Msipande kwa mvua ya kwanza, ambayo mara nyingi hunyesha siku moja ikafuatiwa na juma zima la jua. Subirini hadi mkichimba kwa jembe mkute unyevu umefika shubiri nzima chini, na hapo pandeni, mkitandaza majani makavu juu bila kuyagusisha na shina.

Asumini kongwe zipogolewe wakati huo huo, mvua za mwanzo zikishashika, ili chipukizi zikutane na maji. Kabla ya kukata, kila mwenye asumini iliyokomaa achague matawi mawili marefu yaliyo karibu na ardhi, ayakwaruze gome kidogo kwa kisu chini ya kifundo, ayalaze kwenye udongo na kuyakandamiza kwa jiwe, ncha ikitoka nje. Yakilazwa masika hii yatakuwa na mizizi ya kutosha kutenganishwa kabla ya vuli, na kila nyumba iliyo hapa leo bila asumini inaweza kuwa nayo ifikapo Oktoba bila mtu kutoa hata shilingi. Vijiti vya mfranjipani vinaweza kukatwa wiki hii. Nimeleta vichache vilivyokwisha kukauka, vipo pale mlangoni, na kila nyumba ichukue kimoja. Kwa upande wa kilua tutaanza na mbegu, na mbegu zipandwe zikiwa bado mbichi. Yeyote anayejua mti uliokomaa hapa mtaani, uwe kwake au kwa jirani aliyeridhia, amwambie Sheha leo kabla hatujatawanyika, ili matunda yakiiva tujue tunayo mangapi na tuyagawe kwanza kwa wale wenye nyua za kivuli.